Kilo Mbili za Gunia

Kila siku saa kumi na mbili na robo asubuhi, baba alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele akiwa ameshavaa shati la kazini, daftari mkononi, akauliza neno moja tu.

"Namba?"

Twiga alikuwa amelala chali mkekani, magoti ameyakunja, nyayo zimekanyaga sakafu, anamalizia mazoezi yake ya mgongo. Alitakiwa kuinua kiuno, akishikilie mpaka ahesabu kumi, kisha akishushe polepole kama mtu anayeweka mayai chini. Mara kumi na mbili. Akishamaliza hutulia kidogo, akausikiliza mgongo, ndipo akasema namba. Sifuri maana yake haumwi. Kumi maana yake ni maumivu ambayo mtu hana hata nafasi ya kuyasimulia. Daftari walipewa na daktari wa mazoezi miezi minne nyuma, siku alipowaonyesha kwenye picha ufa mwembamba kama unywele, katika pingili ya chini kabisa ya uti wa mgongo wa msichana wa miaka kumi na sita mrusha mkuki.

Kazi ya kuandika baba aliidai mwenyewe. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mwandiko wake ulisifiwa hata na madereva wa malori, watu ambao kwa kawaida hawasifu kitu. "Namba ndiyo kazi yangu," alisema siku ile ya kwanza, akachomoa kalamu mfukoni. "Wewe taja, mimi niandike."

"Sita," Twiga alisema asubuhi hiyo.

"Sita? Jana si ulisema tano?"

"Jana ilikuwa tano, baba. Leo ni sita."

"Haya." Kalamu ilitembea. Ndipo simu ikalia. Malori mawili yalikuwa yamefika ghalani kabla ya wakati, na bosi alikuwa akipiga kelele mpaka Twiga alimsikia kutoka pale chini. Baba aliweka daftari juu ya kigoda, akavaa kiatu kimoja akitembea, cha pili akakivalia uani. "Hospitali ni saa nne, msinisubiri, nitawakuta huko huko!" alisema akiwa ameshafika langoni.

Kila siku baba alilifunga daftari, akalipandisha juu ya kabati. Leo alikuwa ameliacha wazi.

Twiga aligeuka ubavu kwanza, kama alivyofundishwa, akajisukuma kwa mkono mpaka akakaa, akapumzika, akasimama. Alitaka kulitia kwenye mkoba wa hospitali. Wino wa leo ulikuwa bado unang'aa. Lakini baba alikuwa ameandika nne.

Alidhani baba hakusikia vizuri, kwa sababu ya ile simu. Akatazama mstari wa juu yake. Jana: tatu. Lakini jana simu haikulia, na baba alikuwa ameirudia ile tano kwa sauti. Akafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Ilikuwepo ile Jumapili aliyoshindwa kujivalisha soksi, akasema nane huku akilia. Palikuwa na sita safi, yenye kitumbo cha mviringo, imekaa katikati ya mistari yake. Alipofika kwenye wiki mbili za mwisho za mapumziko, zile wiki alizoamka kila siku na mbili ambayo haikutaka kuondoka, alikuta sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, siku kumi na nne mfululizo, zimepangwa kama vifungo vya shati.

*

Mama alikuwa kibarazani na cherehani yake, anaunga mikono ya sare za shule. Lundo la mikono lilikuwa kushoto, lundo la miili kulia.

"Mama, ile Jumapili uliyonivalisha soksi, nilisema ngapi?"

"Nane," mama alijibu bila kuinua macho. "Nani asahau? Ulivyolia nilijichoma sindano kidoleni, na hata cherehani sikuwa nayo. Nilikuwa napachika kifungo tu."

Twiga alilitandaza daftari juu ya kitambaa, mbele ya sindano.

Mama alitazama ile sita. Hakuuliza ni kitu gani. Hakusema "hee." Alinyoosha tu uzi uliokuwa umenyooka tayari, na hapo ndipo Twiga alipoelewa.

"Ulijua."

"Sikujua kama anaendelea."

"Ulijua, mama."

"Niliona mara moja. Mwezi ule wa kwanza. Nikamuuliza, mbona mtoto kasema tano nawe umetia tatu? Akasema anatoa uzito wa gunia."

Twiga aliujua uzito wa gunia. Hakuna mtu wa nyumba ile asiyeujua. Ghalani, mkulima akileta mzigo, gunia lilipandishwa kwenye mizani, karani akasoma, halafu kabla ya kuandika akatoa kilo mbili, maana anayenunua nafaka hanunui gunia. Baba alikuwa akitoa kilo mbili tangu kabla Twiga hajazaliwa. Alizitoa bila kufikiri, kama mtu anavyofuta miguu mlangoni.

"Alisema mtoto akilalamika lazima utoe kidogo," mama aliendelea, sauti ikishuka. "Mle ndani mna deko, mna woga, mna kutaka kubembelezwa. Ukishatoa, ndipo unabaki na maumivu yenyewe. Alisema yeye amebeba magunia ujana wake wote na mgongo haukumuuliza kitu."

"Na wewe ukamwambiaje?"

Mama alivuta mkono mmoja wa sare kutoka kwenye lundo, akaurudisha.

"Nilicheka," alisema. "Alivyolisema lilichekesha. Nisamehe, mwanangu. Nilicheka nikaendelea na kazi."

*

Chumba cha daktari wa mazoezi hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia, na nje ya pazia palikuwa na benchi refu la wagonjwa waliokuwa hawana la kufanya ila kusikiliza. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya moto na futi ya kupimia shingoni kama fundi nguo. Alikuwa ameshaitundika picha mpya ukutani, kwenye kile kisanduku cha taa.

"Habari ya mgongo?" aliuliza.

Mdomo wa Twiga ulikuwa umeshajiandaa kusema "nzuri." Mara tatu zote alizokuja alijibu hivyo, maana mtu mzima akikuuliza habari unasema nzuri, mengine hufuata baadaye, na hapa mengine yalikuwa yakifuata kutoka kwenye daftari.

"Mbaya," alisema.

Daktari aliacha alichokuwa akikifanya.

"Ni sita. Jana tano. Tangu niruhusiwe kurusha haijawahi kushuka chini ya nne, na kabla ya hapo haijawahi kushuka chini ya mbili. Sijawahi kusema sifuri hata siku moja."

"Daftari linasema..."

"Daftari si langu."

Wakati huo baba aliingia, vumbi la nafaka likiwa limemkalia kwenye nyusi, anahema, anatabasamu kwa ajili ya kuchelewa. "Shikamooni wote kwa pamoja, hata walio wadogo," alitania kama kawaida yake. Hakuna aliyeitikia. Tabasamu lilibaki usoni peke yake, kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.

"Baba Twiga," daktari alisema, "kwenye daftari hili, nani anaandika?"

"Mimi mwenyewe. Mwandiko wangu huo."

"Na namba, nani anazitoa?"

"Yeye anataja, mimi naandika." Alimtazama binti yake, akamtazama mama, akalitazama daftari lililofunguliwa kwenye ile Jumapili. "Napunguza mbili tu," alisema. "Zile za gunia."

"Gunia gani?" aliuliza mzee mmoja nje ya pazia. Mtu wa pembeni yake alicheka, kisha akakohoa kuficha.

Baba alieleza. Alieleza vizuri, kama anavyowaeleza wakulima wageni, akipima hewani kwa viganja. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo, kwa sababu daktari hakuwa anabisha. Alikuwa anamsikiliza tu.

Alipomaliza, daktari alivuta kidole juu ya picha. "Hapa kushoto ndipo palipokuwa na ufa. Ulikuwa umeanza kuunga. Umefunguka tena. Na huu wa kulia," kidole kilihama, "haukuwepo. Mfupa wa umri huu ni kama waya, mzee. Unaukunja, unaukunjua, unaukunja. Mrusha mkuki anajipinda nyuma mara mia kwa siku. Dawa ni kuacha kuukunja mpaka ujiunge. Na kujua kama umejiunga, picha peke yake haitoshi. Inabidi nimuulize mwenye mgongo. Mimi nilisoma sifuri kumi na nne, nikaandika barua ya ruhusa kwa mkono huu."

"Sikumaanisha ubaya, daktari."

"Najua. Hata mimi sijatoka safi." Alimgeukia Twiga. "Siku ile nilipokwambia ujipinde nyuma, ulisema inauma kidogo. Nilikusikia. Halafu nikatazama daftari badala ya kukutazama wewe."

Twiga alifuta macho kwa kiganja. Alikuwa amejizuia vizuri mpaka hapo.

"Mashindano ni baada ya wiki tatu," alisema. "Ya kuchagua watu wa kambi."

"Hakuna mashindano." Daktari alisema polepole, uso kwa uso. "Tunaanza upya. Miezi mitatu, na safari hii na mkanda mgumu, kutwa nzima. Sikufichi: mfupa ukifunguka mara ya pili, mwingine hukataa kuunga. Utatembea, utafanya kazi, utazaa ukitaka. Kurusha sijui. Tutajua baadaye."

Baba alitoa kalamu mfukoni, labda kwa mazoea, labda kwa kutaka kuandika hiyo miezi mitatu. Mama alimshika mkono, akaushusha.

Walipotoka, benchi zima liliangalia viatu vyao. Mzee mmoja tu ndiye aliyempisha Twiga apite. "Pole, mjukuu wangu," alisema. "Mimi nilipo hapa ni tisa. Wanadhani naongopa."

*

Mkanda ulikuwa wa plastiki ngumu, umemkaba kuanzia chini ya mbavu hadi nyongani. Ukimwona kwa nyuma ungedhani amebeba sinia ndani ya gauni. Kuinama alishindwa, kucheka alicheka kwa juu juu, na chakula alikila akiwa amesimama kama askari wa zamu.

Siku ya nne Kocha wake wa mkuki alikuja. Aliketi ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akauliza hali mara mbili. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomfanya achukue muda mrefu kufika kwenye jambo.

"Ile suti ya michezo," alisema hatimaye. "Ni ya timu, mnajua. Zilikuja za hesabu. Na sasa kuna yule binti mwingine ndiye atakayekwenda..."

"Ipo," mama alisema. "Nimeifua."

"Ahsante sana, mama. Tatizo ni mikono. Wewe uliirefusha kwa ajili ya Twiga, na huyu mwingine ni mfupi kidogo. Nimeuliza mafundi wa mjini, wamejaa. Basi nikasema, kama hutajali, kwa vile ni kazi yako mwenyewe..."

Mama alimtazama Twiga. Twiga alitazama ukuta.

"Sentimita ngapi?" mama aliuliza.

"Sita hivi."

"Shona, mama," Twiga alisema. "Zitoe tu. Tumezoea kutoa."

Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kona na gazeti la juzi, aligeuza ukurasa ambao hakuwa amesoma.

Mama alishona. Alifumua kwanza ule mshono wake wa zamani, ule alioushona usiku ule Twiga alipoipata suti, akicheka kwamba mtoto huyu mikono yake inataka kitambaa cha watu wawili. Kocha alisubiri kwenye kiti. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Suti ilipokwisha kukunjwa na kutiwa mfukoni, Kocha alimpa Twiga mkono, akasema kupona ndiyo ushindi. Alipofika nje alisikika akishusha pumzi.

*

Asubuhi zilizofuata, baba aliendelea kuja mlangoni. Daftari lile la zamani lilibaki hospitalini. Alinunua jipya, lenye jalada gumu.

"Namba?"

"Nzuri," Twiga alijibu.

Siku ya pili: "Namba, mwanangu?"

"Nzuri, baba. Shikamoo."

Siku ya tatu hakuuliza. Alisimama tu na kalamu yake, na Twiga akasema, "Nzuri," akafumba macho, akaendelea kukaza tumbo na kulegeza, zoezi pekee aliloruhusiwa. Namba za kweli alimpa mama, baada ya baba kuondoka, na mama aliziandika nyuma ya kadi za vipimo vya wateja, akizirudia kwa sauti mara mbili kila moja kabla ya kuandika, kama mtu anayekula kiapo.

Baba hakujua kuomba radhi kwa mdomo, lakini mikono yake haikutulia. Aligongomea rafu ya urefu wa kifua ili binti yake asiiname kuchukua vitu. Aliinua kitanda kwa matofali manne. Alichota maji ya kuoga, akayaacha mlangoni, akakohoa kumjulisha. Mezani alijaribu mzaha: "Twiga wangu sasa amekuwa mnyoofu kuliko nguzo ya umeme." Twiga alitafuna. Siku nyingine alijaribu methali: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Yamepita kwa nani?" Twiga aliuliza.

Mama alipomfuata uani kumwambia kwamba mtoto anangoja neno, baba alikuwa akikata ubao wa rafu ya pili. "Neno gani? Si nilisema pale hospitali sikumaanisha ubaya? Nimekosea hesabu, basi. Kila mtu hukosea hesabu."

"Hata hilo la hesabu hujamwambia yeye mwenyewe," mama alisema. "Na mimi wa kucheka nitajitetea vipi? Mimi nimeshamwomba. Zamu yako."

Alikata ubao mpaka mwisho.

*

Ghalani, siku ya Alhamisi, foleni ya wakulima ilifika barabarani. Baba alikuwa juu ya jukwaa la mizani, kalamu sikioni. Bosi alikuwa amesimama nyuma yake, anahesabu malori kwa macho.

Zamu ilifika kwa mwanamke mmoja wa makamo, mwembamba, kanga ameifunga kiunoni kwa fundo la kazi. Alikuwa na magunia matano, na aliyashusha mwenyewe toka kwenye mkokoteni, moja moja, akayapandisha mgongoni, akayaleta. La kwanza lilisoma themanini na nne. Baba aliandika themanini na mbili.

"Samahani, karani," mwanamke alisema. "Umeandika ngapi?"

"Themanini na mbili, mama. Tunatoa gunia."

"Gunia lina kilo mbili?"

"Ndio utaratibu."

"Hilo gunia ni la nailoni." Alilishika pembeni kwa vidole viwili, akalivuta kama anayevuta sikio la mtoto. "Zamani tulikuwa na yale mazito ya katani, sawa, hata ungesema ni kilo moja na mavumbi ningenyamaza. Hili ukilitupa hewani linapepea. Hizo mbili unazotoa si za gunia. Ni mahindi yangu."

Nyuma yake foleni ilianza kuguna. Mmoja akasema, "Mwambie huyo!" Mwingine akasema, "Mama, tupishe, jua kali."

"Mama yangu, mimi ni karani tu," baba alisema.

"Najua wewe ni karani. Nakuuliza wewe kama mtu. Huu mzigo nimeulima, nimeuvuna, nimeubeba kwa mgongo huu unaouona. Wewe umeusoma tu. Sasa nani anaujua zaidi, wewe au mgongo wangu?"

Bosi alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, na baba alikielewa kwa miaka kumi na tisa. Aliandika themanini na mbili. La pili akaandika themanini, lilikuwa themanini na mbili. La tatu, la nne, la tano. Mwanamke alipokea karatasi yake, akaisoma yote, akaikunja ndogo sana. Hakutukana. Alivuta mkokoteni mtupu, na alipofika getini alisimama, akashika kiuno kwa mikono yote miwili, akajinyoosha nyuma taratibu huku amefumba macho. Kisha akaenda.

Baba aliita aliyefuata. Ilibidi aite mara mbili.

*

Alirudi nyumbani saa kumi, jua bado liko juu. Mama alikuwa kibarazani na cherehani. Twiga alikuwa amelala chali mkekani katika chumba cha mbele, mkanda wake ukiwa umesimamishwa ukutani kama mtu wa tatu; ilikuwa ile nusu saa ya siku aliyoruhusiwa kuuvua afanye zoezi.

Baba hakusimama mlangoni. Aliingia, akaketi chini sakafuni na suruali yake ya kazini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alifungua daftari jipya juu ya goti.

"Nitajie upya," alisema. "Zote, tangu siku ya kwanza. Niziandike zilivyokuwa."

"Za nini?"

"Za daktari. Ziwe sahihi."

"Mfupa hausomi daftari, baba."

Alicheka kidogo. Alicheka peke yake, akaacha. "Basi niseme nilikosea hesabu. Nimekubali. Nilikosea hesabu."

"Hukukosea." Twiga alikuwa akiongea na dari. Hakuwa na hasira ya kelele. Sauti yake ilikuwa imechoka, na kwa hiyo ilisikika vizuri zaidi. "Nimezipitia zote. Sita toa mbili ni nne. Nane toa mbili ni sita. Hujakosea hata moja."

Cherehani kibarazani ilinyamaza.

"Mimi nakuuliza zile mbili. Kila asubuhi ulizitoa. Nilikuwa nimelala hapa, nikakutajia kilichomo mgongoni mwangu, nawe ukatazama, ukaona mbili zisizofaa, ukazitoa. Zilikuwa nini?"

"Si nilishaeleza? Gunia..."

"Baba."

Aligeuza macho kibarazani. Mama alikuwa amesimama pale, mkono wa sare ukining'inia kwenye vidole vyake. Hakumsaidia.

"Usimtazame mama. Yeye ameshasema lake."

Baba alifunga daftari. Alikaa nalo. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na Twiga, bila kugeuka, alinyoosha mkono wake mrefu, akaichukua kutoka vidoleni mwake na kuiweka upande wa pili wa mkeka, mahali asipoifikia. Sasa mikono ya baba haikuwa na kazi yoyote. Aliitazama. Ilikuwa na vumbi la mahindi ya watu kwenye mistari ya viganja.

"Nilidhani ni deko," alisema.

Twiga alingoja.

"Hapana. Siyo deko." Alijikohoza, na kile kikohozi kilifanana na cha bosi wake, alikisikia mwenyewe, akainamisha kichwa. "Nilidhani ni uongo. Si wote. Kiasi. Nilisema mtoto huyu anaongopa kidogo, nami nitaondoa ule uongo, nibaki na ukweli. Wewe ndiye uliyekuwa na mgongo, na mimi ndiye niliyekuwa naamua ukweli uko wapi."

Kisha akainua uso, akamtazama machoni, bila kalamu, bila mzaha.

"Sikukuamini, mwanangu. Kila asubuhi nilikuuliza, na kila asubuhi sikukuamini."